Upangishaji unaosimamiwa kwa ajili ya mfumo wa AMCOS: nichague kwa vigezo gani?

Karani wa Mzani (Masasi)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni tangu msimu uliopita wa korosho ulipofungwa, na ambalo ningependa liwe limetulia kabla minada ya Oktoba haijaanza.

Nimeandika na ninautunza mfumo unaotumiwa na vyama vya msingi vya ushirika wa mazao (AMCOS) vitano huku Masasi. Karani wa ghala huingiza uzito wa korosho za kila mkulima pamoja na daraja lake, mfumo hutoa stakabadhi, na baada ya mnada hukokotoa malipo ya kila mmoja kwa kuondoa makato yaliyokubaliwa na kumtumia mkulima ujumbe mfupi wa simu. Umeandikwa kwa lugha ya Python katika kiunzi cha tovuti kiitwacho Django, kanzidata yake ni PostgreSQL, na ujumbe hutumwa na mchakato wa pembeni, yaani programu inayofanya kazi nyuma ya tovuti ikisoma foleni, kwa sababu siku ya malipo hutoka ujumbe elfu kadhaa kwa mkupuo mmoja.

Hadi sasa mfumo uko kwenye upangishaji (hosting) wa pamoja wa bei nafuu, ule ambao tovuti nyingi za watu wasiojuana hukaa kwenye seva moja. Mwaka wa kwanza ulitufaa. Msimu uliopita, siku ya malipo ya mnada wa pili, kampuni ilisimamisha akaunti yetu kwa maelezo kwamba mchakato wetu wa pembeni umezidi muda unaoruhusiwa kwa kifurushi chetu, na barua pepe yangu ya kuomba ufafanuzi ilijibiwa baada ya siku mbili. Kwa siku hizo mbili wakulima walikaa chini ya miembe nje ya ghala wakitaka kujua wamepata kiasi gani, na makarani wakarudi kwenye madaftari. Mkulima aliyekwisha kukabidhi magunia yake hana kitu kingine mkononi isipokuwa stakabadhi, na kumbukumbu ya stakabadhi ilikuwa ndani ya mfumo uliofungwa. Sitaki hali hiyo ijirudie.

Wapo walionishauri nikodi seva pepe (VPS, sehemu ya seva kubwa inayotenda kama mashine yako peke yako) na kuisimamia mwenyewe. Wengine wamenielekeza kwenye huduma za upangishaji unaosimamiwa, ambako unakabidhi msimbo wako, nao wanashughulikia mfumo endeshi, viraka vya usalama, vyeti vya usimbaji na kanzidata. Ninaegemea upande huu wa pili kwa kuwa niko peke yangu, na nikiugua hakuna wa kumwachia seva. Tatizo ni kwamba huduma hizo ni nyingi na bei zake zimepangwa kwa namna ambayo ni vigumu kuzilinganisha. Bajeti niliyopewa ni hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Kuanzia Februari hadi Mei mfumo hauguswi sana, ufuta na mbaazi huuamsha kidogo katikati ya mwaka, kisha Oktoba hadi Desemba ndipo kazi inapokuwa nzito. Je, mwenye mfumo wa namna hii aangalie nini kwanza?


Mkaa Mikindani

Dada yangu, marahaba, na pole kwa yaliyokupata. Nakubaliana na mwelekeo wako, na nitaeleza sababu, kwa maana wengi huchagua huduma inayosimamiwa wakidhani wananunua kasi, ilhali kinachonunuliwa hasa ni zamu ya usiku. Ukikodi seva pepe unapewa mashine tupu kwa bei ya chini, lakini viraka vya Linux, ukuta wa moto, diski inayojaa kumbukumbu, na PostgreSQL inayogoma kuwaka baada ya seva kuzimika ghafla, vyote ni vyako. Mtu mmoja anayeandika mfumo, anayefundisha makarani na anayepokea simu za viongozi wa chama hawezi kuikaa zamu hiyo kwa miezi mitatu mfululizo bila kukosea.

Kabla hujaangalia bei, andika orodha ya michakato ambayo mfumo wako unahitaji iwe hai. Kwako ni mchakato wa tovuti, mchakato wa foleni ya ujumbe, na bila shaka kazi za ratiba kama kuandaa taarifa ya jioni. Kila utakayemfikiria, muulize iwapo anaruhusu mchakato wa pembeni unaokaa hai saa zote, na kama anautoza peke yake. Huduma nyingi hutangaza bei ya mchakato wa tovuti pekee, nawe unakuja kugundua mwisho wa mwezi kwamba mchakato wa foleni ni ankara ya pili na kanzidata ni ya tatu. Kilichokuangusha msimu uliopita ni hicho hicho: upangishaji wa pamoja uliundwa kwa ajili ya kurasa zinazojibu na kuondoka, si kwa kazi inayokaa.

Jambo la pili linahusu faili. Katika huduma za aina ya Heroku, kampuni ya nje inayoendesha msimbo wa wateja wake, diski ambayo msimbo wako unaiona ni ya kupita tu. Kontena, yaani kisanduku ambamo msimbo wako huendeshwa, huanzishwa upya walau mara moja kwa siku, na kila unapotoa toleo jipya, na lolote lililoandikwa humo hupotea. Kama mfumo wako unahifadhi stakabadhi za PDF au picha za vitambulisho kwenye folda ya seva, zitatoweka kimya kimya, na utagundua siku mkaguzi atakapoziomba. Zihamishie kwenye hifadhi ya nje, au uzitengeneze upya kutoka kwenye kanzidata kila zinapohitajika. Mimi hupendelea njia ya pili kwa stakabadhi, kwa sababu chanzo cha ukweli kinabaki kimoja.

Angalia pia kikomo cha muda wa ombi. Heroku hukata ombi lolote la tovuti ambalo halijaanza kujibiwa ndani ya sekunde 30. Taarifa ya malipo ya chama kizima inaweza kuzidi hapo. Kazi kama hiyo ipeleke kwenye foleni, karani aipakue ikiwa tayari.

Kuhusu vifurushi vya bure, naomba niseme bila kuzunguka: visiguse mfumo unaoshika fedha za wakulima. Heroku, iliyoanza mwaka 2007 na kununuliwa na Salesforce mwaka 2010, ilikuwa na kifurushi cha bure kilichozoeleka dunia nzima, kisha ikakifuta tarehe 28 Novemba 2022. Hebu itazame tarehe hiyo kwa macho ya mtu wa korosho. Render, huduma nyingine ya aina hiyo, nayo hulaza mchakato wa bure baada ya dakika 15 bila matumizi, na kanzidata yake ya bure ina ukomo wa siku 30. Hawakufanya kosa, maana masharti yameandikwa wazi. Ila karani wa kijijini aliye kwenye mtandao dhaifu, akisubiri seva iliyolala iamke, ataamini mfumo umekufa na atabonyeza mara nne.

Sifa ya mwisho ninayoithamini kwako ni uwezo wa kupanda na kushuka. Wewe una msimu. Tafuta huduma inayotoza kwa saa au kwa sekunde, ili Oktoba uongeze mchakato wa pili wa foleni na Januari uuondoe. Ukifunga mkataba wa mwaka mzima kwa ukubwa wa Novemba, utakuwa unalipia ghala tupu miezi minane.


Mchangiaji wa Lindi mjini

Mkaa Mikindani ameeleza vizuri. Ninataka kuongeza suala la mahali seva ilipo, kwa sababu watu wa Kusini tumelipata somo hilo kwa uzito.

Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara yetu ya kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa, na mwezi huo huo nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikawa taabu nchi nzima. Ofisi niliyokuwa nikiisaidia ilikuwa na seva yake kwenye chumba kimoja Dar es Salaam. Ilipozimika, hatukuweza kuifikia kwa waya wala kwa gari. Tangu wakati huo sioni faida ya kuweka seva mahali ambapo lazima mtu aende kuiwasha kwa mkono.

Kwa huduma zinazosimamiwa, vituo vilivyo karibu nasi viko Afrika Kusini. Azure ya Microsoft ilifungua kituo Johannesburg mwaka 2019, AWS ya Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google Cloud ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Fly.io nayo ina kituo Johannesburg. Heroku na Render, kwa vifurushi vya kawaida, hazina kituo Afrika, hivyo utachagua Ulaya au kwingineko. Kutoka Mtwara hadi Johannesburg ni takribani kilomita 2,200 kwa mstari mnyoofu, na hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 7,000. Mwanga ndani ya waya hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi Frankfurt hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 70, hata mtandao ungekuwa hauna kasoro.

Hata hivyo sikushauri uchague kwa umbali peke yake. Waya haufuati mstari mnyoofu, na njia ya kusini ndiyo iliyokatika Mei ile. Chukua simu yenye laini ambayo makarani wako wanaitumia, nenda kwenye ghala lenyewe, pima muda wa kujibu wa kila kituo asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, uandike. Kisha upunguze uzito wa ukurasa wa karani. Ukurasa unaoomba faili 40 utachelewa popote seva iliko, na ukurasa unaoomba faili 3 utavumilika hata ukitoka Ulaya. Na kama inawezekana, kifaa cha karani kihifadhi vipimo vyenyewe mtandao ukikatika na kuvituma ukirudi, kwa sababu hakuna mpangishaji anayeweza kukuhakikishia mnara wa simu wa kijijini.

Lipo pia suala la sheria, ambalo naona vijana wengi hulipita. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti kwa anayekusanya taarifa za watu na kwa anayezisafirisha nje ya nchi. Mfumo wako una majina, namba za simu, namba za akaunti za benki na pengine namba za vitambulisho. Chama chako kinapaswa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuuliza utaratibu wa kuhifadhi taarifa nje ya nchi kabla hujahamisha chochote. Swali hilo lipelekwe kwa maandishi na uongozi wa chama, lisibaki la fundi.


Karani wa Mzani (Masasi)

Ahsanteni sana. Suala la folda ya PDF limenishtua, kwa kuwa ndivyo nilivyofanya. Nitaibadili.

Naomba kuuliza mengine mawili. Kampuni inayotutumia ujumbe mfupi inakubali maombi kutoka anwani moja tu ya IP (namba inayotambulisha seva mtandaoni) ambayo tumeisajili kwao. Je, huduma zinazosimamiwa zinatoa anwani isiyobadilika? Pili ni malipo: chama hakina kadi ya kulipia mtandaoni, na mhasibu anataka ankara na risiti yenye jina la chama. Hadi sasa nimekuwa nikilipa kwa kadi yangu kisha narudishiwa.


Mzee wa Nachingwea

Mwanangu, nianze na hilo la malipo, maana umeligusa kama jambo dogo, nami nimeliona likiangusha mfumo uliokuwa hauna kasoro yoyote ya kiufundi.

Chama kimoja nilichokifahamu kilikuwa na mfumo mzuri. Kijana aliyeujenga aliufungulia akaunti kwa barua pepe yake, akalipia kwa kadi yake, akasajili jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, kwa jina lake. Alipopata kazi mkoa mwingine kadi yake ikaisha muda, tahadhari zikaenda kwenye barua pepe aliyokuwa haisomi tena, na akaunti ikafungwa. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini chama kilipoomba kufunguliwa kilishindwa kuthibitisha kwamba mali ni yake, kwa sababu kwenye karatasi haikuwa yake.

Kwa hiyo fungua akaunti kwa barua pepe ya ofisi iliyo chini ya kikoa cha chama, weka watu wawili wenye mamlaka ya msimamizi, na uthibitisho wa hatua mbili uwe na misimbo ya akiba iliyochapwa na kufungwa kwenye kasha la chama. Kikoa kiandikwe kwa jina la chama, na ikiwezekana kisajiliwe mahali tofauti na anakopangisha, ili ukitaka kuhama usimwombe ruhusa yule unayemkimbia. Malipo yatoke kwenye kadi ya akaunti ya benki ya chama, ambayo mhasibu ataiombea, na kiwekwe kiasi cha akiba, kwa kuwa ankara za huduma za nje huandikwa kwa dola na shilingi hupanda na kushuka. Kama uongozi hauwezi kabisa kupata kadi, tafuta mpangishaji wa hapa nchini anayetoa huduma inayosimamiwa na kupokea malipo kwa benki au kwa simu. Utapata risiti sahihi na mtu wa kuongea naye kwa Kiswahili. Muulize maswali yale yale aliyokuandikia mwenzetu wa Mikindani, na majibu yake ayaweke kwenye mkataba.

Kuhusu anwani ya IP, kwa kawaida huduma hizi hutoka kwenye anwani zinazobadilika au zinazochangiwa na wateja wengi. Wapo wanaouza anwani ya kudumu kama nyongeza ya kulipia. Uliza kabla ya kuhama, kwa sababu ukisahau, siku ya kwanza kila kitu kitaonekana kizima isipokuwa ujumbe, na ujumbe ndio mkulima anaousubiri.

Nakuomba pia usiamini neno "nakala rudufu" kwenye ukurasa wa bei mpaka umeirudisha wewe mwenyewe. Uliza nakala huchukuliwa kila baada ya muda gani na hutunzwa siku ngapi. Ikiwa ni mara moja kwa siku, maana yake kanzidata ikiharibika saa kumi jioni unaweza kupoteza vipimo vya siku nzima, na siku nzima ya Novemba ni magunia mengi. Zipo huduma zinazoweza kurudisha kanzidata kwenye dakika unayoitaja. Hiyo kwako inastahili kulipiwa zaidi ya kichakataji chenye kasi. Juu ya hapo, toa nakala yako kwa pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kunakili kanzidata, kila usiku na uiweke kwa mtoa huduma mwingine kabisa, ikiwa imefungwa kwa ufunguo. Siku akaunti ikisimamishwa, nakala zilizo ndani ya akaunti hiyo husimamishwa nayo.


Mkaa Mikindani

Mzee wangu, ahsante, nami nimejifunza hapo kwenye kasha la chama.

Dada, sina la kupinga katika hayo, ila niongeze jambo la kalenda ambalo sijaona likizungumzwa. Toleo kuu la PostgreSQL hupewa matunzo ya miaka 5, na huduma inayosimamiwa itakulazimu uhamie toleo jipya lako linapokaribia mwisho. Mwisho huo huangukia Novemba, kama toleo la 12 lilivyofikia mwisho wake Novemba 2024. Python nayo huhitimisha matoleo yake Oktoba. Kwa mkulima wa Ulaya pengine haina maana, lakini kwetu ndiyo miezi ya minada. Hamia toleo jipya mwezi Machi au Aprili, mfumo ukiwa umepumzika, na wakati wa msimu usibadili kitu chochote isipokuwa kurekebisha hitilafu.

Na ahadi ya upatikanaji uisome kwa dakika. Asilimia 99.9 kwa mwezi wa siku 30 ni takribani dakika 43 za kuzimika. Asilimia 99.5 ni saa 3 na dakika 36. Fidia yao huwa ni sehemu ya ada ya mwezi, ambayo haimfariji mkulima, kwa hiyo ninachokitazama zaidi ni muda wa kujibiwa kwa maandishi: kifurushi chako kinajibiwa ndani ya saa ngapi, na Jumamosi je? Kabla hujalipa, watumie swali la kweli la kiufundi siku ya Jumamosi uone.


Karani wa Mzani (Masasi)

Nimewasoma wote mara mbili. Nimeandika barua kwa uongozi kuhusu kadi ya chama na kuhusu Tume, na mwenyekiti ameahidi kuileta kwenye kikao cha bodi. Kwa sasa nimebakiza huduma mbili kwenye karatasi yangu, moja yenye kituo Johannesburg na nyingine ya hapa nchini, na wiki ijayo nitapeleka simu ya karani kwenye maghala mawili kupima. Nitakayoichagua nitaijaza nakala ya data ya msimu uliopita, nitatuma ujumbe wote wa siku ile ya mnada wa pili kwenye namba ya majaribio, kisha nitaifuta kanzidata kwa makusudi na kuirudisha nikiwa na saa mkononi. Mfumo wa zamani utaendelea sambamba hadi hapo.


Mkaa Mikindani

Huo ndio utaratibu. Ukifika kwenye mipangilio utaombwa uchague saa ya matengenezo ya kanzidata, na saa hizo huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ukikuta imewekwa 06:00, kwetu hiyo ni saa tatu asubuhi, wakati mizani imeshafunguliwa. Weka 00:00, iwe saa tisa usiku.